Sabini kwa sabini ya nini?

Msimu wa kulima ukikaribia, kuanzia Mbozi hadi Kilolo, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ugomvi ni ule ule: mwenye trekta anadai amelima ekari sita, mwenye shamba anasema ana ekari tano, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Waliosoma wana dawa ya haraka. Ekari ni kipimo cha mkoloni, wanasema. Tuhamie hekta, mita mia kwa mita mia, yaishe. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila inamhukumu mkulima kwa kosa ambalo si lake.

Muulize mtu yeyote kijijini ekari ni nini, atajibu papo hapo: sabini kwa sabini. Muulize sabini ya nini, na hapo ndipo njia zinapoachana. Mzee atasema hatua. Kijana mwenye tepu atasema mita. Sasa chukua kalamu. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Tofauti ni yadi za mraba 60, asilimia moja na robo hivi, kiasi ambacho njia ya miguu pembeni mwa shamba inakimeza. Kwa hiyo kanuni ya kijiji si ya kubahatisha. Ni hesabu nzuri kabisa, ila ni hesabu ya yadi. Na yadi, yaani sentimita 91.44, ni hatua ndefu ya mtu mzima anayepima, si ya mtu anayekwenda sokoni. Mzee aliyenyoosha mguu akahesabu sabini alikuwa karibu na ukweli kuliko wengi wenye kamba leo.

Kilichoharibu mambo ni kwamba tepu ya mita ilipofika, sabini ilibaki pale pale na kipimo kikabadilika chini yake. Mita 70 kwa mita 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Hapo kuna ziada ya mita za mraba 853, asilimia 21. Mashamba matano ya namna hiyo ni ekari sita na ushee, na ndiyo maana yule wa trekta na yule wa shamba wote wawili wanaapa kweli. Upande wa pili kuna anayehesabu hatua za kutembea, sentimita 75 hivi kila moja. Sabini zake ni mita 52 na nusu, na "ekari" yake ni mita za mraba 2,756, theluthi mbili tu ya ekari. Anayekodi shamba kwa msimu aangalie sana miguu ya anayepima.

Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanaijua tofauti hii kwa jina jingine. Uliza miche mingapi inaingia ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7. Mmoja atasema 100, mwingine 82. Wa kwanza amegawa 70 kwa 7, akapata mistari kumi ya miche kumi. Wa pili amegawa 4,047 kwa 49. Ukinunua ekari tano zilizopimwa na mpima ardhi, hekta 2.02 kwenye hati, kisha ukaagiza miche 500 kwa kumsikiliza wa kwanza, miche kama 87 itabaki kwenye viriba ikikutazama.

Kwenye mahindi hasara haionekani kwa macho, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Ushauri uliozoeleka ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP kupandia ekari moja, kizibo kimoja cha soda, gramu 5 hivi, kila shimo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari ya kweli ina mashimo kama 8,990. Mbolea inayotumika ni kilo 45, na kilo tano zinabaki kufidia iliyomwagika na mkono mzito wa kibarua. Kwenye "ekari" ya mita 70 kwa 70 mashimo ni kama 10,890, na mfuko unatosha mashimo 10,000 tu. Mashimo karibu 900 ya mwisho yanakosa mbolea, au, kama inavyotokea mara nyingi, mwenye shamba akiona mfuko unalegea anaanza kupima nusu kizibo tangu katikati. Mahindi ya upande wa mwisho yanatoka ya njano, na lawama inaangukia mbolea: feki, imechanganywa na mchanga. Mbolea mbovu zipo, sikatai. Lakini kabla ya kumshtaki mwenye duka, pima shamba.

Hata sifa zinapotoka. Anayevuna gunia 20 kwenye "ekari" ya mita sabini amevuna gunia 16 na nusu kwa ekari. Jirani mwenye gunia 17 kwenye ekari kamili anamzidi, ila kwenye kilabu atanyamaza.

Sasa upande wa hekta. Haina tafsiri mbili: mita 100 kwa mita 100, mita za mraba 10,000, kwisha. Hati na ramani za upimaji zinaiongea, na viwango vya kitaalamu vya mbolea huandikwa kwa kilo kwa hekta. Anayebaki kwenye ekari analazimika kugawa kwa 2.47 kila akipewa karatasi, na akisahau, kilo 125 za hekta anazimwaga kwenye ekari, mifuko miwili na nusu mahali pa mmoja. Hilo ni kosa zito kuliko la tepu.

Lakini angalia linatoka wapi. Ni namba ile ile iliyosafiri bila kipimo chake, na safari hii iliyosafiri ni ya hekta. Kufuta ekari midomoni hakuzuii hilo. Tena ekari imeshikana na mengi: bei ya trekta, ujira wa kupalilia, mfuko wa mbegu wa kilo 10. Mwenye robo ekari ya viazi kule Uporoto akiambiwa ana hekta 0.1, hajasaidiwa kitu.

Na vipimo viwili vinaweza kuishi nyumba moja. Mafinga gogo hupimwa kwa mita za ujazo, na mbao zikitoka kwenye msumeno zinauzwa inchi mbili kwa nne, urefu futi 12. Mita moja ya ujazo ni sawa na mbao 53 za saizi hiyo zikiwa zimepasuliwa kamili. Hakuna anayechanganya, kwa sababu mbili kwa nne ya sentimita ni fito, haiwezi kubeba paa. Sabini inadanganya kwa kuwa mita na yadi zinakaribiana kiasi cha kutotiliwa shaka.

Kwa hiyo ekari ibaki, sabini ndiyo iondoke. Kwenye kamba ya mita, ekari ni kama 64 kwa 64, yaani mita za mraba 4,096. Shamba jembamba, 50 kwa 81, ambayo ni 4,050. Pande nne pekee hazitoshi, maana shamba linaweza kulala upande likapungua bila upande wowote kufupika. Kutoka kwenye kona weka alama mita 6 upande mmoja na 8 upande mwingine. Kati ya alama hizo lazima ziwe mita 10. Kisha vuta kamba kona kwa kona: kwa 64 kwa 64 zote mbili zisome mita 90 na nusu. Kwenye miteremko ya Makete au Ludewa, kamba iliyolazwa juu ya ardhi yenye mwinamo wa nyuzi 20 inasoma 64 pale ambapo ramani inaona 60. Simu inayopima kwa GPS ikitoa eneo dogo kuliko kamba, isitukanwe. Kamba ishikwe usawa, vipande vifupi vifupi, mtu wa chini akiinua mkono.

Kuna mashamba mengi yaliyokwisha kuuzwa kwa mita sabini, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa kitongoji. Mipaka hiyo isiguswe. Walikubaliana kwa miti na mawe yaliyopo. Kinachohitaji kurekebishwa ni karatasi ya mauziano, ambapo "ekari moja" iandikwe mita 70 kwa mita 70, mita za mraba 4,900, pande zote nne zikitajwa moja moja, kabla mrithi wa muuzaji hajaja na kamba ya 64 kudai kipande.