Mita 60 na Lango la Banio: Tunautibu Ugonjwa Gani wa Ruaha Mkuu?

Kila kiangazi mjadala wa bonde la Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, kuhusu kukauka kwa mto Ruaha Mkuu hurudi palepale. Upande mmoja unasema wakulima wa wilaya ya Mbarali waondoke kwenye kingo, miti ipandwe, na Ruaha Mkuu utatiririka tena mwaka mzima. Upande wa pili unajibu kwamba mita 60 za ukingo ambazo sheria inazuia kulimwa zinamnyang'anya mkulima mdogo shamba lake lenye rutuba kuliko yote, huku maji yakimalizwa na mifereji mikubwa. Kila upande una hoja ya kweli, lakini zote mbili zinachanganya mambo mawili: afya ya ukingo na wingi wa maji ya kiangazi. Msitu wa kando ya mto unatibu la kwanza. La pili linaamuliwa kwenye lango la banio, yaani ukuta unaokinga mto na kuelekeza maji kwenye mfereji wa mashamba, kati ya Julai na Novemba.

Mto huu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo ukaendelea kukauka karibu kila kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu kwa gharama kubwa ya mifugo na maisha yao, na 2008 eneo la Ihefu, ardhioevu ya bonde hilo, likaingizwa kwenye hifadhi. Tarehe ya ahadi ilipita na mto bado unakauka, kwa sababu mifugo iliondoka na mabanio yakabaki.

Banio la asili hujengwa kwa magogo, mawe, matete na udongo. Mafuriko ya Machi hulibomoa, na wakati wa kiangazi huvuja: maji kidogo hupenya na kuendelea chini. Kwa miongo kadhaa miradi mingi imebadilisha mabanio hayo kuwa ya zege kwa nia njema, ili mkulima apumzike kulijenga upya kila mwaka. Ukuta wa zege hauvuji. Mto ukishuka hadi lita 300 kwa sekunde, na lango limesanifiwa kupitisha lita 800 za masika, zote 300 zinaingia mferejini bila mtu yeyote kuvunja sheria. Kibali cha kutumia maji mara nyingi kinataja kiasi kinachoendana na mto uliojaa, na ukijumlisha vibali vya mto mmoja unapata kiasi kisichokuwepo mtoni wakati wa kiangazi.

Na maji hayo ya kiangazi yanafanya nini? Mpunga mkuu umeshavunwa. Kuna bustani za nyanya na vitunguu, kuna vitalu vya miche ya mpunga vya Oktoba na Novemba vya wale wanaowahi bei nzuri, na kuna matumizi ya nyumbani. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Kijiji kilicho kilomita 8 chini ya banio kinategemea mfereji kwa kunywa, kufua na kunyweshea mifugo. Ili ndoo zijae huko mwisho, mfereji mzima wa udongo lazima ulowanishwe usiku na mchana. Watu 3,000 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanahitaji chini ya lita 2 kwa sekunde. Mfereji unaowafikishia unaweza kuchukua lita 100 au zaidi. Kisima kirefu au bomba la mserereko, linaloshusha maji bila pampu, kwa kijiji cha namna hiyo kinaurudishia mto maji mengi kuliko kampeni yoyote ya miche, kwa kuwa lango linaweza kufungwa na watu wasife kiu.

Wapo wanaosema dawa ni kusakafia mifereji. Inasaidia, lakini kwa sharti moja ambalo huachwa nje ya mikataba: ukubwa wa eneo linalomwagiliwa lazima ufungwe kwenye karatasi kwanza. La sivyo, kila lita inayookolewa inazaa jaruba jipya mwisho wa skimu ya umwagiliaji. Tena, sehemu ya maji yanayovuja mferejini hurudi mtoni au hulisha visima vifupi vya vijiji vya chini, kwa hiyo si yote yaliyokuwa yakipotea.

Hata maji yakirudishwa mtoni, mto una kizuizi chake. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo huishia kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambayo mlango wake wa kutokea ni mwamba wa Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha mwamba huo, hakuna tone linalotoka. Yanaishia kwa jua na mimea. Hesabu za wataalamu wa maji zilionyesha kwamba ili mto utoke na mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde, Ihefu inahitaji kupokea karibu 7 kwa wastani wakati wa kiangazi. Kwa hiyo skimu moja ikijinyima peke yake, tembo na viboko wa hifadhini hawataona tofauti. Lazima mito kadhaa ikubaliane kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu ukingo. Kwa mkulima hesabu ni hii: kilomita moja ya mto, upande mmoja, ni hekta 6, yaani karibu ekari 15. Ekari moja ikitoa magunia 20 ya mpunga, hayo ni magunia 300 kwa msimu. Anayeyaita hayo kero ndogo hajawahi kulima huko. Kenya, kanuni za maji za mwaka 2007 zilipima ukanda kwa upana wa mto wenyewe, kuanzia mita 6 hadi 30. Sisemi tuzinakili, ila kijito cha mita 3 na Ruaha Mkuu havistahili kipimo kimoja bila kutazama mteremko na udongo.

Msitu wa ukingo unashika udongo, unapunguza mchanga unaoziba mdomo wa banio, unachuja mbolea na viuatilifu, unapoza maji na kulisha samaki. Hizo ni faida za moja kwa moja kwa mkulima: ukingo ukimeguka juu ya banio, mto unaweza kuhama na kuliacha pembeni. Lakini miti nayo hunywa. Hekta 12 za miti, pande zote mbili za kilomita moja, zikitumia milimita 5 kwa siku, zinachukua mita za ujazo 600, karibu lita 7 kwa sekunde. Pamoja na hasara hiyo ndogo, naunga mkono upandaji. Ninachokataa ni kuwaahidi watu kwamba miche italeta maji ya Septemba, kwa sababu yasipokuja wataing'oa.

Urejeshaji wenyewe una makosa yanayojirudia. La kwanza ni kupanda mwezi Desemba kwenye ukingo wa chini. Mafuriko ya Machi yanabeba miche yote. Ukingo wa chini hupandwa maji yanapopungua, Mei au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu: matete na nyasi za vetiva mistari miwili au mitatu, kisha vigingi vya mkuyu vyenye urefu wa mita 1.5 hadi 2, vikizamishwa angalau sentimita 60. Sehemu ya juu, kuanzia mita 10 hivi, ndiyo ya mvua za kwanza: mkangazi, mzambarau pori na migunga, kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, sawa na miche 625 kwa hekta. Mbegu za mkangazi zioteshwe mara zikikusanywa, maana hupoteza uwezo wa kuota haraka. Mkaratusi usikaribie kabisa.

Kabla ya kununua mche hata mmoja, funga eneo dhidi ya ng'ombe na moto kwa misimu miwili, uchague machipukizi kwenye visiki vilivyo hai. Mara nyingi nusu ya kazi inafanyika yenyewe. Na ripoti zihesabu miche iliyo hai mwaka wa tatu, siyo iliyopandwa siku ya sherehe.

Kati ya zile mita 60, mita 30 za nje zinaweza kuachiwa mwenye shamba kwa mizinga ya nyuki, mianzi, na majani ya kukata kulisha mifugo, bila jembe kugusa udongo. Fidia ya mita 30 za ndani itoke kwenye ada ya maji ya skimu nzima. Si haki wakulima kumi waliopakana na mto wabebe gharama ya ukingo unaolinda banio la watu mia nane.

Kwenye banio, suluhisho si lango jingine la kufungwa kwa kufuli, kwa sababu kufuli hufunguliwa usiku. Katwe pengo kwenye ukuta wa banio, kitako chake kikiwa chini ya kizingiti cha mfereji. Pengo la upana wa mita 1, maji yakipita kwa kina cha sentimita 15, linapeleka chini karibu lita 100 kwa sekunde kabla mfereji haujapata chochote. Mto ukipanda, mfereji unapata fungu lake. Ukishuka, wa chini wanatangulia, na kila mpita njia anaona kwa macho kama pengo limezibwa kwa viroba. Jumuiya ya watumia maji ikiwa na rula iliyochorwa ukutani na daftari la kila asubuhi, ugomvi mwingi unakuwa wa namba.

Bodi ya Maji Bonde la Rufiji nayo iandike namba mbili kwenye kila kibali: ya masika na ya kiangazi, na ile ya kiangazi iwe sehemu ya mto, siyo kiasi kisichobadilika. Kitalu cha Oktoba kitapata maji kama mto unayo. Wale wanaowahi soko watalalamika, na hasara yao ni ya kweli. Ndio wa kwanza kukaa nao mezani kabla ya Julai, vitalu vikiwa bado havijapangwa.