Vile vyuma vya kutu sio kiti cha kupigia picha

Hii naiandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Juzi nilikuwa Djúpalónssandur, ule ufukwe wa mawe meusi kule mwisho wa rasi ya Snæfellsnes, Iceland, nikamkuta dada mmoja kakaa juu ya kipande cha meli, miguu inaning'inia, mwenzake anamwelekeza ainue kidevu kidogo. Na kibao cha maelezo ya meli hiyo wamekipita wenyewe wakati wanashuka.

Jamani, pale walikufa watu. Tarehe 13 Machi 1948 meli ya uvuvi ya Uingereza, Epine, iliyotoka Grimsby, ilivunjikia hapo hapo. Watu 14 wakafa, 5 tu ndio waliookolewa. Vile vyuma vilivyosambaa ufukweni vimeachwa makusudi viwe kumbukumbu yao, na wageni wanaombwa wasivisumbue. Ni ombi dogo sana hilo.

Mimi nilichuchumaa nikakiangalia kimoja kwa karibu, mikono mfukoni. Chuma kinene, kimekunjwa kama karatasi, kutu ya rangi ya machungwa inabanduka tabaka kwa tabaka na unga wake umedondokea kwenye vijiwe vyeusi vilivyo chini. Nikawaza, kama bahari imeweza kukunja chuma namna hii, je mwili wa mtu, tena mwezi wa tatu, kwenye maji ya baridi ile? Nilikuwa nimevaa makoti mawili na bado vidole vilikufa ganzi kwa upepo tu, sijagusa hata tone la maji. Koo lilinikaba, nasema kweli. Wale walikuwa kazini, walikuwa na mama zao wanawasubiri nyumbani, halafu leo mtu anapanda juu ya mabaki ya meli yao kwa sababu rangi ya kutu inapendeza kwenye picha.

Sawa, nakubali, watu wametoka mbali, na ile njia ya kushuka katikati ya miamba ya lava sio mchezo, ukifika unataka picha. Basi piga miamba, piga bahari, piga barafu ya mlima Snæfellsjökull kama mawingu yatakuruhusu (mimi hayakuniruhusu). Kuna hata yale mawe manne ambayo wavuvi wa zamani walipimiana nguvu, kuanzia la kilo 23, linaitwa Amlóði yaani mtu dhaifu, halafu 54, halafu 100, mpaka Fullsterkur la kilo 154. Hayo ruksa kujaribu, nilikaa pale kama robo saa naangalia kijana mmoja anahangaika na la 100, likanyanyuka upande mmoja tu, akakaa chini anahema. Zamani ukishindwa lile la 54 hukupata nafasi kwenye mashua, na Dritvík, ghuba ya jirani hapo, ilikuwa kambi kubwa ya uvuvi, kwahiyo kushindwa hapo ilikuwa ni kukosa riziki.

Na nyie mnaojaza vijiwe mfukoni, acheni. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2001, na kijiwe kulainika vile kimesuguliwa na mawimbi kwa miaka isiyohesabika. Na msiipe bahari mgongo, mawimbi pale yanavuta.

Yule dada nilimfuata. Sikupiga kelele, nilimwambia tu, samahani dada, hapo walikufa watu 14. Akashuka bila kujibu, akarudi mpaka kwenye kibao, akasimama anasoma muda mrefu kuliko nilivyotegemea, mwenzake ameshika simu pembeni kimya. Nyuma ya koti lake jeupe kutu ilikuwa imeacha alama.