Mtoto akifunguka kwa mtafiti, siri iwe ya nani?

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukihusisha vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizo hunukuliwa kila mara. Namna zilivyopatikana haizungumzwi sana, na humo ndimo mna mvutano mkubwa.

Mtoto hahojiwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na huenda mlezi huyo ndiye anayemuumiza. Kwa hiyo kaya ilielezwa kwamba ni utafiti wa afya na maisha ya vijana. Mada yenyewe aliambiwa kijana wakiwa faraghani. Kila nyumba alihojiwa mtu mmoja tu. Wapo wanaosema huko ni kumzunguka mzazi. Nawaelewa, lakini mkosaji akishajua kilichoulizwa, mtoto ndiye atakayekiona cha moto gari la watafiti likishaondoka.

Ugumu zaidi uko kwenye usiri: mtoto akisema anaumizwa, mtafiti atunze siri au atoe taarifa? Wanaotetea usiri wana ushahidi. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005, na kufanyika pia Dar es Salaam na Mbeya, wanawake waliulizwa ana kwa ana kama waliguswa kingono kabla ya miaka 15. Mwisho wa mahojiano walipewa kadi yenye nyuso mbili, mmoja unatabasamu na mwingine unalia. Walitia alama bila mhojaji kuona. Sehemu nyingi, waliokiri kwa kadi walizidi waliokiri kwa mdomo. Ahadi ya siri ikivunjwa, watu hawasemi, na tatizo linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Lakini wale walikuwa watu wazima wakikumbuka ya nyuma. Binti wa miaka 13 anayesema baba wa kambo alimwingilia juzi yuko hatarini usiku huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kama hiyo aifikishe serikali za mitaa. Shida ni kwamba taarifa ikifika mtaani, mara nyingi wazee hukaa, fidia ikalipwa, yakaisha kifamilia, na mtoto akarudishwa nyumba ileile.

Hata hivyo, mimi nasimama upande wa kutoa taarifa, ila mtoto aambiwe kabla ya swali la kwanza: ukinieleza kuwa uko hatarini sasa, nitamwambia mtu wa kukusaidia. Mtu huyo awe ameshaandaliwa, afisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na nauli na matibabu viwe kwenye bajeti ya utafiti. Najua watakaofunguka watapungua. Ripoti iandike hivyo waziwazi.