Makumbusho ya Nyanda za Juu Kusini na hofu ya vibuyu vya dawa

Katika makumbusho ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kuna vitu visivyohitaji mtetezi. Hakuna anayeuliza kwa nini fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga karibu na mji wa Iringa, wala hakuna anayenung'unika akikuta mikuki na bunduki za zama za vita vya Lugalo vya 1891, kati ya Wahehe na Wajerumani. Vikapu vya milulu vya Iringa na vyungu vya Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa navyo hupokelewa vizuri, kwa kuwa ni vitu vya nyumbani ambavyo mgeni anaweza kununua vinavyofanana navyo akishatoka mlangoni. Mjadala huanza pale mtu anapopendekeza kwamba kando ya kikapu na chungu viwekwe pia vibuyu vya dawa, pembe ya kuumika, mizizi, uzi wa mkunga, pamoja na maelezo ya namna watu wa huku walivyougua na walivyotibiwa. Hapo baadhi yetu husema kwamba hiyo ni historia ya maisha ya kila siku kama nyingine yoyote, na wengine husema kwamba huo ni uganga unaotafutiwa heshima ndani ya jengo la umma.

Hofu ya hao wa pili haikutoka hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbeya ilitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino katika sehemu mbalimbali za nchi, serikali ilipiga marufuku waganga wasio na vibali na wapiga ramli. Mapema mwaka 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa kikatili, katika matukio ambayo viongozi waliyahusisha na imani za kishirikina. Mzazi wa Njombe anayeona tunguri imewekwa kwenye kabati la kioo, imewashiwa taa na kupewa namba, ana haki ya kuuliza mwanawe ataambiwa nini juu yake. Makanisa nayo, ambayo tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 yamefundisha watu kuachana na hirizi, hayawezi kutazamiwa yashangilie. Mtu anayewajibu wazazi na wachungaji hawa kwa kusema tu kwamba ni watu walioikataa asili yao hajawatendea haki.

Hata hivyo, hoja yao inachanganya watu wasiofanana. Anayepiga ramli chonganishi na kumwambia jirani kwamba jirani mwenzake ndiye aliyemroga, au kumwahidi mfanyabiashara utajiri kwa kiungo cha binadamu, si mwenzake bibi anayejua jani la kutuliza tumbo la mtoto, wala si mwenzake mkunga wa jadi, wala fundi wa kuunga mfupa uliovunjika. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikwisha kuweka mpaka huo na kuunda Baraza la kusajili watoa tiba, na Muhimbili, kituo kikuu cha tiba na mafunzo ya udaktari jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitafiti dawa za asili tangu miaka ya 1970. Mpaka huo unajulikana kwenye maandishi ya serikali, ila mtaani haujulikani vya kutosha, na sioni mahali pafaapo kuufundisha kuliko mbele ya vitu vyenyewe. Makumbusho yakinyamaza, mafundisho hayo hayatakosa mwalimu. Yatabaki mikononi mwa mabango yaliyopigwa misumari kwenye nguzo za umeme kuanzia Makambako hadi Tunduma, yenye namba ya simu na ahadi ya kurudisha mpenzi, kupandishwa cheo na kufanikiwa biashara. Huyo wa nguzo ya umeme haogopi makumbusho yanayofundisha historia ya tiba; anayo sababu ya kupendelea yasifundishe kabisa.

Nichukue kitu kimoja tu, pembe ya kuumika. Ni pembe fupi ya ng'ombe au ya mbuzi, iliyokatwa na kulainishwa upande wa mdomo wake mpana ili ikae vema juu ya ngozi, na kutobolewa tundu dogo kwenye ncha. Anayeumika huchanja chale ndogo mahali panapouma, huweka pembe juu yake, hufyonza hewa kwa kupitia lile tundu, kisha huliziba kwa nta, na pembe hushika yenyewe na kuvuta damu hadi atakapoiachia. Kibao kikisema tu kwamba hiki ni kifaa cha tiba ya jadi kilichotumiwa na wazee wetu, kitakuwa kimeficha karibu kila kitu. Kitakuwa kimeficha ufundi wa nta na tundu, ambao ni ujuzi halisi wa kutumia hewa. Kitakuwa kimeficha pia wembe, kwa maana bila wembe pembe haifanyi kazi, na wembe ndio unaotutoa kwenye zama za mababu na kutuleta katika miaka ambayo wengi wetu tuliiona kwa macho, miaka ambayo kila bango la afya lilituonya tusichangie nyembe wala sindano kwa sababu ya UKIMWI.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi ya ukimya, na naomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 kuhusu VVU ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, walioambukizwa nchini kote ni asilimia 4.4. Njombe ni asilimia 12.7, ya kwanza kwa mikoa yote; Iringa ni 11.1, Mbeya ni 9.6. Takwimu hizi hutajwa kila Desemba Mosi, viongozi huzisikitikia, kisha hufungwa hadi mwaka unaofuata. Lakini asilimia 12.7 maana yake ni mtu mzima mmoja katika kila wanane. Maana yake ni kwamba hakuna ukoo katika wilaya kama Makete ambao haukuguswa, na kwamba kwa takriban miaka ishirini, tangu ugonjwa ulipoingia hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa kitaifa mwaka 2004, maisha ya kila siku ya huku yalikuwa ni maisha ya kuuguza. Mabibi walirudi kuwa mama wa wajukuu. Wagonjwa walibebwa kwa machela hadi barabarani. Watu walichanja, walichemsha mizizi, waliombewa, walipimwa, wakaandikiwa kadi ya kliniki waliyoificha chini ya godoro ili mgeni asiione. Hakuna vita iliyopiganwa katika nyanda hizi iliyoingia katika nyumba nyingi kiasi hicho, na bado ukitafuta katika makumbusho kumbukumbu za miaka hiyo utapata shida, ilhali kumbukumbu za vita vya karne ya 19 zipo na zinatunzwa.

Maonyesho ya tiba yanayostahili jina hilo yangeiweka ile pembe, ule wembe, ile kadi ya kliniki na kopo la kwanza la ARV katika kabati moja, kwa sababu katika nyumba za watu vilikuwa chini ya paa moja. Kinachonisumbua katika namna tulivyozoea kupanga vitu ni ule mgawanyo wa chumba cha utamaduni upande huu, chenye vibuyu visivyo na tarehe, na chumba cha maendeleo upande ule, chenye picha za wauguzi waliovaa sare. Mgonjwa hakuishi hivyo wala haishi hivyo leo. Huanza na jani analolijua, huenda zahanati homa isiposhuka, huandikiwa rufaa ya kwenda Tosamaganga, Ilembula, Ikonda au hospitali ya rufaa Mbeya, na akirudi nyumbani shangazi yake humletea dawa nyingine ya kunywa asubuhi. Mwaka 2020, korona ilipoingia, chungu cha kujifukizia chenye majani kilitoka jikoni kikaingia hadi katika taasisi za umma, na blanketi la kujifunikia likawa kifaa cha tiba mbele ya kamera za televisheni. Tunaweza kubishana kuhusu faida yake kitabibu, na ubishi huo ni halali kabisa, ila hatuwezi kusema kwamba ni mambo ya zamani.

Boma la Iringa lenyewe linatoa nafasi ya pekee kwa jambo hili. Jengo hilo lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 likiwa hospitali, likageuka kuwa ofisi za utawala, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Lilijengwa miaka miwili tu baada ya kifo cha Mkwawa, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na vita, na ni haki ya mtoto wa Iringa kuuliza kwamba wakati jeshi lilipokuwa na wodi mjini, baba wa babu yake aliyejeruhiwa au kuugua homa huko Kalenga alihudumiwa na nani. Jibu la swali hilo limo katika vibuyu vile vile tunavyoviogopa. Kuvikataa ni kukubali kwamba historia ya afya ya mkoa huu ianze siku Wajerumani walipoweka msingi wa jengo lao.

Kuna pingamizi la pili ambalo mimi naliona zito kuliko lile la ushirikina, nalo hutolewa na waganga wenyewe. Ujuzi wa dawa ni mali ya familia. Hurithishwa kwa mtoto mmoja, wakati mwingine kwa mjukuu, na mwenye nao hana sababu ya kuamini kwamba akimtajia mhifadhi jina la mti, haitatokea kampuni ikaukausha, ikaufungasha na kuuuza bila yeye kupata hata senti. Dunia imekwisha kuikubali hofu hiyo. Ndiyo maana ikapatikana Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za viumbe hai na maarifa yanayoambatana nazo. Wapenzi wa makumbusho, nikiwemo mimi, hatuna budi kukubali kwamba si kila kinachojulikana kinapaswa kubandikwa ukutani. Kibao kinaweza kueleza nani alitibu, nani alitibiwa, malipo yalikuwa kuku au jembe, na nini kilitokea dawa iliposhindwa, bila kutaja mchanganyiko wala kipimo. Kwa kufanya hivyo tutakuwa pia tumemjibu daktari anayehofu kwamba mtembeleaji ataenda kujichemshia mizizi aliyoisoma makumbusho.

Daktari huyo ana hoja nyingine ambayo haifai kupuuzwa, yaani uzazi. Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–2016, na katika ule wa 2022 vikawa 104. Mafanikio hayo yamepatikana kwa kuwafikisha akina mama kwenye vituo, na maonyesho yanayompamba mkunga wa jadi kana kwamba kuzalia nyumbani hakukuua mtu yangekuwa uongo wa hatari. Nakubaliana naye moja kwa moja. Ninachomwomba akumbuke ni kwamba katika vijiji vingi mkunga huyo huyo ndiye aliyeambiwa aache kuzalisha na aanze kumsindikiza mjamzito kituoni, na kwamba safari hiyo yake, kutoka kwenye uzi na wembe hadi kwenye benchi la kliniki, ni sehemu ya maelezo ya kwa nini namba zimeshuka. Asipotajwa, mafanikio yale yataonekana kama yaliletwa na majengo peke yake.

Tusisahau pia kwamba vitu hivi vya tiba kutoka kusini mwa nchi vimehifadhiwa kwingineko tangu zamani. Makumbusho ya Berlin yana maelfu ya vitu vilivyochukuliwa katika ardhi hii wakati wa ukoloni, vingine vikiwa nyara za vita vya Majimaji, vita ambavyo dawa ndiyo iliyowaunganisha watu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa ukatili wa vita hivyo, na tangu hapo mazungumzo kuhusu kurejesha vitu yamepata nguvu mpya. Sisi tunaodai kurudishiwa tutajibu nini tukiulizwa kibuyu cha mganga kitakaporudi kitawekwa wapi, ikiwa tumekwisha kukubaliana kwamba vitu vya namna hiyo ni aibu kuonekana hadharani?

Yote haya hayahitaji fedha nyingi kuanza. Familia ya mganga au ya mkunga ikubali kwanza, kwa maandishi, na iwe na haki ya kuchukua kitu chake ikibadili mawazo. Viongozi wa dini na watu wa ustawi wa jamii wasome maelezo kabla hayajabandikwa, na kibao kinachozungumzia ramli chonganishi kiyataje mauaji ya Mbeya na Njombe waziwazi, kwa majina ya mikoa na miaka. Jambo la haraka zaidi liko upande wa hospitali, ambako hakuna anayelifikiria kwa kuwa macho yote yako kwenye vibuyu. Sindano za kioo na vyombo vya kuzichemshia, mizani ya kupimia watoto, mabango ya UKIMWI ya miaka ya 1990 na masanduku ya chuma ya wahudumu waliotembelea wagonjwa nyumbani ndivyo vinavyotolewa stoo na kuchomwa au kuuzwa kama chuma chakavu kila kituo kinapokarabatiwa. Waganga wakuu wa wilaya, yaani madaktari wa serikali wanaosimamia afya wilayani, waelekezwe kuwaita wahifadhi kabla orodha ya vitu vya kuteketeza haijasainiwa.