Mwani wa Winam na ushauri wa kuchemsha maji

Anayeishi kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, anaujua ule utando wa kijani unaotanda ufukweni kama rangi iliyomwagika. Tunauita mwani, ingawa kitaalamu ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na aina ya Microcystis huonekana sana hapa. Baadhi yao hutengeneza maikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Sumu hiyo haiharibiwi na moto. Ukichemsha maji yenye mwani, seli hupasuka na sumu iliyokuwa ndani yake ikabaki kwenye maji utakayokunywa.

Ujumbe tuliolelewa nao ni mmoja: chemsha maji au tia dawa. Wapo wanaoona kwamba kuuongezea maneno ni kuudhoofisha, na hoja yao ina uzito. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache tu. Mama akisikia kwamba moto hauondoi sumu, huenda akaona makaa yanapotea bure, akawapa watoto maji mabichi. Madhara ya maikrosistini kwa anayeinywa kidogo kidogo huja polepole, na ni vigumu kuyatambua kwenye zahanati.

Hata hivyo, ukimya siukubali. Agosti 2014, sumu hii ilipopatikana kwenye maji ya bomba ya mji wa Toledo, Marekani, yanayotoka Ziwa Erie, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wazi wasiyanywe wala wasiyachemshe. Wao waliweza kununua maji ya chupa. Anayechota ziwani kwa ndoo hana njia hiyo, ndiyo maana yeye ndiye anayestahili kuambiwa kwanza.

Na yapo ya kumwambia. Seli za Microcystis zina vifuko vya hewa, hivyo ziwa likitulia mwani hupanda juu, kisha upepo wa kutoka ziwani huusukuma hadi ufukweni, palepale wanawake na watoto wanapochotea. Basi mtu achote mbali na utando, kwenye kina. Ayachuje kwa leso iliyokunjwa mara kadhaa kabla ya kuchemsha, kwa sababu seli zikiwa bado hai sumu nyingi imo ndani yake, na kuzinasa zikiwa nzima hupunguza sumu, ingawa haiimalizi. Baada ya hapo achemshe kama kawaida, maana kipindupindu bado kipo. Maji yaliyogeuka kijani yasinywewe kabisa, hata yakichemshwa.

Kumwaga dawa ya kuua mwani kusipendekezwe kwa haraka. Mwaka 1979, huko Palm Island, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa salfeti ya shaba ili kuuangamiza mwani. Seli zilipokufa zilimwaga sumu yake majini, na watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo.

Chanzo kinajulikana: mbolea na udongo unaoletwa na mito kama Nyando, pamoja na majitaka ya miji. Kukipunguza ni kazi ya miaka mingi, lakini kupima maji hakuhitaji kungoja. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita kwa maji yanayonywewa kila siku. Kaunti za ziwa zipime kwenye fuo ambako watu huchota maji, na majibu yabandikwe hapohapo kwa Kiswahili na Dholuo, siku yanapotoka.