Doug Pederson, msugua benchi aliyetwaa Super Bowl

Kocha mpya akitangazwa, swali la kwanza la mashabiki ni "Huyu naye alicheza wapi?" Kama hakuwa nyota, tayari tumeshamhukumu. Mimi hapo humtaja Doug Pederson.

Huyu alikuwa kwotabeki katika mpira wa Kimarekani, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Timu ya Miami alisugua benchi nyuma ya nyota Dan Marino, Green Bay nyuma ya nyota mwingine, Brett Favre. Mwaka 1999 Philadelphia Eagles wakampa namba, lakini msimu haujaisha ikachukuliwa na kijana Donovan McNabb. Alipostaafu akaenda kufundisha timu ya sekondari huko Shreveport, Louisiana. Eagles hao hao wakamfanya kocha mkuu mwaka 2016.

Desemba 2017 kwotabeki wake nyota, Carson Wentz, akaumia goti. Wengi waliizika timu palepale. Pederson akamwingiza Nick Foles, mtu wa akiba kama alivyokuwa yeye, wakafika hadi Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2018, dhidi ya New England Patriots ya kwotabeki nyota Tom Brady.

Eagles wanaongoza 15-12, zimebaki sekunde 38 kwenda mapumziko. Ni jaribio la nne, la mwisho, na imebaki yadi moja kufika mstari wa kufungia. Kocha mwoga angeagiza mpira upigwe teke, achukue pointi zake 3. Foles akasogea ukingoni, akapendekeza mchezo wa hila. Pederson akakubali hapo hapo. Mpira ukaenda kwa Corey Clement, akampa Trey Burton, naye akamrushia Foles, ambaye Patriots walimsahau kabisa. Tachidauni, mpira umevuka mstari! Mechi ikaisha 41-33, Super Bowl ya kwanza ya Eagles.

Sidhani kama kocha aliyezoea kuwa nyota angemsikiliza mtu wa akiba upesi vile. Pederson alijua anayekaa benchi huwa anauona mchezo.

Ila naye alipitiliza. Mechi ya mwisho ya msimu wa 2020, dhidi ya Washington, timu ilikuwa nyuma kwa pointi 3 tu alipomtoa kwotabeki wake Jalen Hurts na kumwingiza Nate Sudfeld wa akiba. Wakalala 20-14. Msimu ulishaharibika, ushindi 4 tu, na siku chache baadaye akatimuliwa. Walimshutumu kwamba aliitupa mechi makusudi. Hilo siliamini, lakini Sudfeld usiku ule? Hapo simtetei.