Paulsen na deni la Sisilia

Katika sataranji, mweupe akifungua kwa kupeleka askari mraba wa e4, mjibu kwa Sisilia, yaani askari wako hadi c5, sogeza mwingine hadi e6, kisha baada ya kubadilishana katikati peleka mwingine a6. Kwenye vitabu vya Kiingereza utasoma kwamba umecheza Kan. Kwenye vya Kijerumani, umecheza Paulsen. Ilya Kan alikuwa mchezaji wa Kisovieti aliyezaliwa 1909. Louis Paulsen alizaliwa 1833 Nassengrund, karibu na Blomberg, Ujerumani, akafa 1891.

Basi ubishi upo: Paulsen ahesabiwe miongoni mwa waasisi wa nadharia ya ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, au alikuwa mchezaji mgumu tu ambaye hatua zake zilikuja kupata maana baadaye?

Upande wa kumtetea una nguvu ukikumbuka zama zake. Watu walitoa askari sadaka hatua ya pili ili wamfikie mfalme haraka, na mshambuliaji ndiye aliyepigiwa makofi. Paulsen aliipokea sadaka na kuketi nayo. Katika gambiti ya mfalme, ufunguzi ambao mweupe hutoa askari sadaka, tawi la Kieseritzky, ulinzi wa kupeleka askofu g7 unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alikuwa mzito wa kuamua, wenzake wakachoka kumngoja, lakini aliweza kucheza bodi kumi kwa wakati mmoja kichwani, bila kuziona. Adolf Anderssen, mfalme wa mashambulizi, walitoka naye nguvu sawa mwaka 1862, wakishinda michezo mitatu kila mmoja. Paulsen akamshinda 5 kwa 4 mwaka 1876, na 5 kwa 3 mwaka uliofuata.

Wanaompinga hukimbilia mashindano ya New York ya 1857, ambako Paul Morphy, Mmarekani aliyekuwa hodari kuliko wote wa zama hizo, alimfunga michezo mitano, akaachiwa mmoja tu, sare zikiwa mbili. Mimi hoja hiyo hainisumbui. Morphy wa miaka ile nani hakufungwa naye?

Inayonisumbua ni nyingine. Paulsen hakuacha kitabu cha kueleza kwa nini. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, alianzisha jarida lake mwaka 1885 na kuandika kwamba ulinzi una kanuni, kwamba anayeshambulia kabla ya kuwa na ubora anajiumiza mwenyewe. Hiyo ndiyo nadharia: sababu iliyotamkwa, ambayo mwingine anaweza kuijaribu na kuipinga. Hatua peke yake haisemi. Huenda a6 ya Paulsen ilikuwa tahadhari tu ya kumzuia farasi asiingie b5, nasi ndio tunaomvisha mipango ya karne iliyofuata.

Hata hivyo, iangalie nafasi yenyewe. Ukiwa na e6 na a6, mweusi bado hajasema farasi wake watakaa wapi, malkia akitaka anakwenda c7, na askari wa safu ya b yuko tayari kusonga. Mweupe hana pa kulenga. Kwa mtu wa karne ya 19, kuacha mambo wazi namna hiyo hakukuwa mazoea. Kulihitaji kuamini kwamba muda unaopotea si hasara. Kanuni ya jumla ya ulinzi nampa Steinitz, bila kinyongo. Sisilia hii, kwangu, ni ya Paulsen, na nikiona imeandikwa Kan huwa nairekebisha kwa kalamu.